Yusufu Hakutoa Kitu Kidogo

Leo nasema na ninyi mliovaa joho mkapiga picha na mama zenu pale Mzumbe, pale IFM, pale CBE, pale TIA. Ninyi wenye shahada za uhasibu, za ugavi, za masoko, za usimamizi wa biashara. Joho mmesharudisha zamani, picha imetundikwa sebuleni, na kila mgeni anayeingia huitazama kisha akauliza: vipi, umeshapata? Nanyi mnajibu kwa upole, "Bado, namwachia Mungu."

Umemwachia Mungu nini, mwanangu? Umemwachia akufungulie akaunti ya Ajira Portal? Umemwachia apeleke nakala za vyeti vyako kwa wakili zikagongwe muhuri? Nasema kwa ukali kwa sababu nimechoka kuona watoto wa watu wanafunga na kukesha siku tatu kuombea kazi ambayo hata barua yake hawajaandika!

Lakini kabla sijawakemea ninyi, niwakemee wanaowasimanga. Wapo watumishi wenzangu wanaosimama madhabahuni na kusema, "Umesoma biashara, fanya biashara, serikali unaitafutia nini?" Hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba. Mtoto wa mkulima wa Kibaigwa, aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mtaji ataupata wapi? Anatamani mshahara wa kila mwezi, bima ya afya, pensheni ya uzeeni. Ana haki ya kutamani. Na nchi inamhitaji. Hakuna halmashauri, iwe ya Jiji la Dar es Salaam au ya Kakonko, inayoweza kwenda bila mhasibu, mkaguzi wa ndani, afisa ugavi na afisa biashara. Barabara unayopita ilipita kwanza mezani kwa mtu wa manunuzi. Akiwa mwizi, utazijua tabia zake mvua ya kwanza ikinyesha.

Mungu alipotaka kuiokoa Misri na njaa hakutuma jeshi. Aliweka mtu wa ghala. Yusufu mwana wa Yakobo, ambaye ndugu zetu Waislamu nao wanaye, tena sura nzima ya Kurani inaitwa kwa jina lake, alikuwa na umri wa miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Miaka 30! Umri wenu huo. Akakusanya sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya neema, akaiweka mijini, akaitoa kwa mpango njaa ilipofika. Makadirio, maghala, usambazaji, yote mnayosoma mwaka wa pili yamo katika habari za mtu huyu.

Sasa tazameni alikotoka. Alitoka gerezani, kwa kesi ya kusingiziwa. Humo gerezani alimfasiria ndoto mnyweshaji wa mfalme, akamwomba neno moja tu: ukitoka, unitaje. Mnyweshaji akatoka, akarudishwa kazini, akakaa karibu na mfalme, akasahau. Miaka miwili mizima akasahau! Na nani kati yenu hana mnyweshaji wake? Mjomba aliyeko wizarani aliyesema, "Nitumie CV yako WhatsApp," ukatuma, tiki mbili za bluu zikatokea, na tangu Pasaka hadi leo kimya. Usimchukie mjomba. Wanyweshaji ndivyo walivyo. Ila usijenge nyumba yako juu ya kumbukumbu zake.

Na Yusufu je, alikaa akinuna? Mkuu wa gereza alikuwa amemkabidhi kila kitu, kwa hiyo gereza lile aliliendesha yeye, mfungwa. Siku mjumbe wa Farao alipokuja mbio, Yusufu alinyoa, akabadili nguo, akaenda. Hakusema, "Nipeni wiki mbili nikatafute cheti cha kuzaliwa." Hapo ndipo ninapowashika ninyi shingo!

Maana tangazo la Sekretarieti ya Ajira likitoka, muda wake ni mfupi, na masharti yake hayabadiliki kila leo hata mseme mmeshtukizwa. Uwe raia, umri usizidi miaka 45. Barua ya maombi isainiwe. Maelezo binafsi yawe na wadhamini watatu. Cheti cha kuzaliwa kiwepo. Hati za matokeo ya kidato cha nne na sita hazikubaliwi, matokeo ya muda ya chuo hayakubaliwi. Wanataka vyeti vyenyewe na transkripti. Hayo yameandikwa miaka nenda rudi. Kwa nini basi kila mara tangazo likitoka stationari zinajaa watu wanaohema?

Binti mmoja alinijia jioni ya siku ya mwisho, simu mkononi, machozi yanamlengalenga. Tukakaa kwenye benchi nje ya kanisa, nikamwambia anionyeshe alichopakia. Transkripti yake ilikuwa imepigwa picha kitandani: pindo la shuka lenye maua linaonekana pembeni, na muhuri wa chuo umekatika nusu. Cheti cha kidato cha nne kimemwandika kwa majina matatu, cheti cha kuzaliwa kwa mawili, na kitambulisho cha NIDA kimeongeza herufi ambayo hakuna mtu wa ukoo wao anayejua ilikotoka. Na huyu ana GPA nzuri kabisa! Amesoma ukaguzi wa hesabu, yeye ambaye kazi yake itakuwa kugundua kwamba jina la kwenye ankara halifanani na jina la kwenye hundi. Nilitaka kucheka nikashindwa. Majina yakipishana, dawa yake ni kwa wakili na kwa utaratibu wa kisheria, nao hauishi jioni moja.

Tena wengi wa wahasibu na watu wa ugavi mnajidanganya kwamba shahada imemaliza safari. Someni tangazo hadi mwisho. Kwa uhasibu utakutana na mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, kwa ugavi utakutana na usajili wa bodi ya ugavi, PSPTB. Miaka miwili ya kusubiri inatosha kukaa mitihani ya bodi. Mnyweshaji akikusahau, mtihani wa bodi haukusahau.

Kisha huja usaili wa mchujo. Ninyi ni watu wa hesabu, pigeni hesabu hii. Mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaza majukwaa ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Kila kiti kimoja, watu 84 na ushee. Imani haifuti hesabu hiyo. Yusufu mwenyewe hakumwambia Farao kwamba njaa haitakuja. Alimwambia itakuja, na miaka ni saba. Kwa hiyo soma! Rudi kwenye madaftari ya mwaka wa kwanza, kwa sababu karatasi ya mchujo haiulizi umeteseka kiasi gani. Na ukikosa, sikiliza, ukikosa hujalaaniwa. Watu 83 waliobaki nje ya kile kiti hawakulogwa na shangazi zao. Acheni kuwazungusha vijana kwa waganga na kwa manabii wa mafuta!

Hapa nawageukia ninyi wazee wa kanisa na kina mama wa vitenge vya sare. Barua ya kuitwa kwenye usaili husema wazi kwamba msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Kijana anatoka Nkasi au Newala, anafika Dodoma usiku, wanalala wanne chumba kimoja cha gesti, asubuhi anaingia kwenye mtihani hajala. Na sisi kwa harusi tunaunda kamati, tunachapisha kadi, tunafukuzana na ahadi hadi mamilioni yanatimia kwa ajili ya ukumbi wa saa sita. Nauli ya msailiwa ndiyo tunakosa? Ninyi mnaokaa Dodoma mna vyumba vya wageni vimefungwa, vinatunza magodoro na masufuria. Vifungueni!

Sasa lile jambo lililonifanya nishike kalamu. Kuna simu inapigwa. Sauti ni ya heshima, Kiswahili chake cha ofisini. "Kijana, jina lako nimeliona, ila linahitaji kusukumwa. Nina mtu wangu Utumishi." Anataja kiasi. Mama anauza ng'ombe, baba anauza shamba la urithi, fedha inatumwa kwa simu, na namba ile haipatikani tena. Huyo ni tapeli, na aliyetapeliwa nampa pole. Lakini nitasema neno gumu: mungu wenu atakuwa nani siku mtakapompata asiye tapeli? Siku fedha itakapopokelewa kweli na kiti kikatolewa kweli? Hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Ukikinunua kiti kwa milioni tatu, umesoma biashara, unajua mtaji lazima urudi. Utaurudisha kupitia nani?

Mkumbuke mwaka 2017. Serikali ilihakiki vyeti, na orodha iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma ilikuwa na watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa. Wengine walikuwa wamekaa kazini miaka mingi, wana watoto shuleni na madeni benki. Karatasi moja ya uongo iliyoandikwa ujanani ikawasubiri miaka yote hiyo bila kuchoka.

Yusufu hakutoa kitu kidogo. Hakuwa nacho, mtasema. Kweli, hakuwa nacho. Basi mtazameni Nehemia, aliyekuwa nacho. Alikuwa liwali wa Yuda miaka 12, na posho ya chakula cha liwali, iliyokuwa haki yake kabisa, hakuigusa, kwa sababu aliona wananchi wamelemewa. Posho halali! Sisi leo tunagombana kwa ya semina ambayo hatukuhudhuria.

Wakati unangoja, shika kazi iliyo mbele yako. VICOBA ya mama yako daftari lake limechanika na kila mwezi wanagombana, litengeneze. Duka la jirani halijui faida yake; mwonyeshe. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10, na 4 kati ya hizo ni ya vijana, undeni kikundi. Mfumo wa manunuzi wa NeST una zabuni zilizotengwa kwa makundi maalumu, na mmoja wenu aliyesoma ugavi anaweza kuwasajili wenzake tisa. Usiseme hiyo si kazi. Yusufu angekataa kulihudumia gereza, angefahamiana wapi na mnyweshaji?

Na siku itakapofika, maana kwa wengine itafika, ukaripoti halmashauri fulani ukiwa Afisa Biashara Daraja la II, ukapewa meza yenye mguu mmoja mfupi na kompyuta inayogoma, atakuja mama mwenye duka la pembejeo kutoka kata ya mwisho. Amepanda bodaboda, akapanda na daladala. Anataka leseni. Mfumo wa TAUSI umemshinda kwenye simu ya mwanawe, namba ya mlipakodi ameiandika kiganjani kwa kalamu na jasho limefuta tarakimu mbili. Atasimama mlangoni saa nne kasoro dakika tano, na mwenzako wa meza ya pili atamwambia, "Mama, njoo baada ya chai."

Wewe mwite. Mpe kiti akae. Chai utakunywa ikiwa imepoa.