Simu Uliyo Nayo Inatosha Kuanza

Acha kungoja. Wewe unayeuza viatu vya mitumba soko la Toi, wewe mwalimu wa darasa lililofurika kule Kangemi, wewe uliyemaliza kidato cha nne na sasa uko Kawangware ukisubiri karo ya chuo ipatikane: maneno haya ni yako. Kila uchao unasikia habari za akili unde, masomo ya mtandaoni na maduka yasiyo na mlango. Unazisikia kana kwamba zinawahusu watu wa majengo ya vioo ya Westlands, nawe utaitwa zamu yako ikifika. Hakuna zamu. Katika mji huu wa Nairobi, teknolojia imekuwa ya yule aliyeishika mapema na kuitumia kutatua shida yake mwenyewe.

Ushahidi tunao mifukoni. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa mwaka 2005, Nairobi na Thika, walioibuni walikusudia jambo moja dogo: wateja wa Faulu Kenya walipe mikopo yao midogo kwa simu. Wateja wale hawakuishia hapo. Wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, wakanunuliana muda wa maongezi, wakaitumia kwa mahitaji ambayo hakuna aliyeyapanga. Waliokuwa wakiendesha jaribio wakaona, wakajifunza, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Lipime jambo hilo: watu wa kawaida, wenye zile simu za vitufe tunazoziita kabambe, waliionyesha kampuni kubwa kazi ya chombo chake. Wala hawakusubiri semina. Wakala wa mtaani alikuelekeza mara ya kwanza, nawe ulipofika ushago ukamwelekeza mama, naye mama akamwelekeza jirani.

Linganisha na habari ya vishikwambi. Mwaka 2013 serikali iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na kuanzia 2016 vishikwambi vikapelekwa katika shule za msingi za umma. Penye mwalimu jasiri, masomo yalichangamka. Katika shule nyingine nyingi vifaa vilifungiwa stoo: mwalimu mkuu akihofia wezi, stima ikipotea, walimu wakiwa hawajaandaliwa ipasavyo. Vifaa vilikuwa vizuri. Kilichokosekana ni mtu mwenye shida anayoijua, na ruhusa ya kuvitumia kuitatua.

Mtu huyo tulimwona shule zilipofungwa Machi 2020. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipeleka masomo kwenye redio za KBC, runinga ya Edu na YouTube, na ilifanya kazi ya maana. Mitaani, mwalimu naye alipiga picha ukurasa wa zoezi, akautuma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Mtoto akaandika majibu daftarini, mzazi akayapiga picha akamrudishia mwalimu asahihishe. Mwalimu, ile ilikuwa shule ya mtandaoni, nawe uliijenga kwa simu yako na bando ulilojinunulia! Ni kweli, haikumfikia kila mtoto. Nyumba yenye simu moja, baba akiondoka nayo alfajiri kwenda kibaruani, ilibaki gizani hadi jioni. Lakini ulijifunza kazi ambayo chuo hakikukufundisha. Sasa mbona kundi lile lile limebaki la kukumbushana karo na mikutano?

Lirudishie uhai. Tuma swali moja la hisabati kila jioni, wakati wazazi wamesharudi nyumbani. Rekodi maelezo ya sauti ya dakika mbili, maana sauti hula bando kidogo kuliko video. Kwa mzazi mwenye kabambe, arafa inatosha: Eneza Education, iliyoanzishwa nchini humu mwaka 2011, ilijenga masomo na maswali ya majaribio juu ya arafa hizo hizo. Tumia akili unde kukuandalia maswali ya mazoezi, kisha uyapime kwa kitabu kilichoidhinishwa na KICD kabla hayajamfikia mtoto, kwa sababu programu hizi hukosea kwa ujasiri mkubwa. Majina, picha na alama za wanafunzi usizimwage humo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na inamlinda mtoto wa Kangemi sawasawa na wa Lavington.

Na wewe mfanyabiashara! Tembea Luthuli, Dubois au Moi Avenue uone eksibishoni zilivyogawanywa vibanda vidogo, kila kimoja na kodi yake nzito. Humo ndani yumo dada anayemuuzia gauni mteja wa Lodwar ambaye hajawahi kuonana naye. Picha ilipanda WhatsApp asubuhi, malipo yakaingia, mzigo ukapelekwa kwenye ofisi ya mabasi, na jioni uko njiani. Kilichoifanya biashara ile itembee ni uaminifu, na uaminifu hauuzwi pamoja na simu ya bei ghali.

Kwa hiyo ujenge. Piga picha ya kiatu chenyewe, palipochunika paonekane. Usiazime picha ya kiatu cha mtu mwingine. Andika bei hapo hapo, kwa sababu mteja anayeambiwa "njoo inbox" huenda kwa jirani yako. Fungua WhatsApp ya biashara, ni ya bure, upange bidhaa zako kwa orodha. Jiunge na Pochi la Biashara la M-Pesa ili pesa za mauzo zisichanganyike na za unga, uweze kujua mwisho wa wiki kama umepata faida au umehangaika bure. Usiachilie mzigo kwa sababu mteja amekuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake. Subiri ujumbe wako mwenyewe uingie, hata foleni ikiwa ndefu. Na ukikosea kumtumia mteja saizi, mbadilishie bila kunung'unika, maana huyo atakuletea wateja ambao tangazo la kulipia halingewafikia.

Kijana wa Kawangware, wewe ninakudai zaidi. Umri unao, na simu unaijua kuliko sisi sote. Mafunzo ya Ajira Digital, ya kazi za mtandaoni, ni ya bure. Maktaba ya taifa ipo Community, Upper Hill, ambako unaweza kusoma kwa utulivu usioupata nyumbani. Chagua ujuzi mmoja: kuhariri picha, kuweka hesabu, kuandika programu. Ushikilie hadi mtu akulipe kwa ajili yake. Ukikwama kwenye somo, iulize akili unde ikufafanulie hatua kwa hatua, lakini jibu liandike mwenyewe. Ukiiachia ikuandikie kila kitu, siku ya usaili utakaa mbele ya mwajiri huna la kusema.

Najua utakayoyataja. Bando ni ghali. Stima hupotea. Matapeli wamejaa. Yote ni kweli, na tuendelee kuwadai wenye mamlaka na makampuni warekebishe, tena kwa sauti kubwa. Lakini wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Teknolojia inayokuja itawekewa bei, lugha na matumizi na wale wanaoitumia sasa. Tukikaa pembeni, itatufikia ikiwa imekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Basi leo, kabla ya kulala, fanya jambo moja. Muuzaji, weka bidhaa tatu zenye picha za kweli na bei. Mwalimu, tuma swali moja. Kijana, anza somo la kwanza. Kesho rudia. Ukishaweza, mkalishe mmoja chini umfundishe bila malipo: mama mboga wa hapo nje, mwalimu mwenzako anayeogopa kubonyeza, mdogo wako. Mtaa mzima unaweza kusonga hivyo, mtu mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayepaswa kutupa ruhusa. Simu unayo. Shida unaijua. Anza!