Mafunzo ya Nabii Daud (A.S.) Katika Kazi, Mapumziko na Hukumu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: Enyi ndugu zetu Waislamu, wako miongoni mwetu waionao kazi ya mkono kuwa ni aibu. Mtu hujivunia nasaba ya babu yake na shamba lililokwisha uzwa, akakopa kwa huyu na kumhadaa yule. Naye akimwona mwenziwe achukua mzigo bandarini au apigilia mbao za jahazi, humdharau. Mtu huyu na amtazame Nabii Daud, alayhi ssalaam, aliyepewa ufalme wa Bani Israili, na unabii, na Zaburi. Ni nani katika sisi mwenye jaha ipitayo hiyo?

Na mfalme huyu alikuwa mhunzi. Katika Suratu Saba Mwenyezi Mungu atujulisha kuwa alimlainishia chuma, akamwamrisha afanye deraya na azipime sawasawa pete zake. Wafasiri wamesema: misumari ya kuzifungia isiwe myembamba ikalegea, wala isiwe minene ikazipasua. Mola aliyemlainishia chuma alikuwa muweza wa kumpa deraya zilizokwisha tengenezwa. Bali alimwachia kazi, na akamtaka aifanye kwa kipimo. Na katika Sahihi ya Bukhari, Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, ametufundisha kuwa hapana chakula bora kuliko kile akilacho mtu kwa kazi ya mkono wake, na kuwa ndivyo alivyokula Nabii Daud.

Kipimo hicho twakiona katika mapumziko yake pia. Sahaba Abdullah bin Amr bin Al-As alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume alipopata habari alimkataza, akamjulisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe. Abdullah aliposhikilia kuwa aweza zaidi, Mtume alimwekea mpaka: saumu ya Daud, kufunga siku moja na kula siku moja. Na katika usiku, Daud alilala nusu, akasali thuluthi, kisha akalala sudusi iliyobaki. Tukiufanya usiku kuwa saa 12, ni saa 6 za usingizi, saa 4 za sala, na saa 2 za kupumzika. Abdullah alipokuwa mzee, nguvu zimempungua, alitamani lau angaliikubali rukhsa ya Mtume. Na juu ya Daud, Mtume aliongeza sifa hii: hakuwa akikimbia akutanapo na adui. Basi kupumzika kwa kiasi si uvivu. Ni akiba ya nguvu kwa siku ya haja. Nawe tajiri mwenye vibarua, ukimtumikisha mtu hata akashindwa kusimama kwa sala ya Isha, jua kuwa umezidisha unene wa msumari, na pete itapasuka.

Ama katika hukumu, someni Suratu Swad. Wawili walimwingilia Daud katika mihrabu yake. Mmoja akashitaki kuwa nduguye ana kondoo 99, naye anaye mmoja tu, na huyo mmoja pia atakiwa amtoe. Daud akasema kuwa amedhulumiwa. Kisha akatambua kuwa ametahiniwa, akaomba maghufira na kuanguka kusujudu. Baadhi ya wafasiri wamesema kuwa alihukumu kabla ya kumsikiliza wa pili. Ndipo Mola wake akamkumbusha kuwa amefanywa khalifa katika ardhi, ahukumu kwa haki wala asifuate matamanio.

Kila mmoja wetu ni mchunga: baba nyumbani, nahodha chomboni, mwalimu chuoni, mzee mtaani. Msikilizeni wa pili kabla ya kukata neno. Na alaye kwa jasho lake ni mwepesi wa kuhukumu kwa haki, kwani hana deni la fadhila kwa mwenye kondoo 99.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali kwa mikono yetu, na utupe viongozi waadilifu. Amin.