Hesabu Isiyofungwa

Umewahi kutaka kuchomoa flashi, kompyuta ikakataa, ikidai bado inatumika, na wewe umeshafunga kila kitu? Mara nyingi ni programu iliyosahau kuaga. Kiini cha mfumo endeshi huhesabu watumiaji wa kila faili lililo wazi: anayelichukua huongeza moja, anayemalizana nalo hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, linaondolewa kwenye kumbukumbu. Asiyepunguza anazuia nafasi bure. Anayepunguza mara mbili anamnyang'anya mwenzake kitu kilichomo mkononi.

Januari 2016 lilitangazwa kosa la namna hii katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux, lililokuwamo tangu toleo la 3.8 la mwaka 2013. Lilihusu mahali panapotunzwa funguo za siri. Programu ilipoomba pete ya funguo ambayo tayari ilikuwa nayo, kiini kiliona hakuna la kufanya, kikatokea mlango wa uani bila kupunguza ile moja kiliyoiongeza. Kila ombi likaacha moja juu. Kihesabio kilikuwa cha biti 32, hivyo baada ya maombi bilioni 4 na ushei kingezunguka na kurudi sifuri. Pete ingetupwa ingali inatumika, na mtumiaji wa kawaida angeweza kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu.

Tazameni kosa lilipojificha: pale ilipoonekana hakuna la kufanya. Kanisani pia ni hivyo. Harusi zetu zina kamati, na michango ina daftari. Lakini mjane akija ofisini, tunasema, "Huyu jumuiya yake inamshughulikia," tunamwombea kwa haraka, tunamsindikiza mlangoni. Jina lake linabaki wazi, halina wa kulifunga. Yule mchungaji wa Luka 15 hangejua kuwa kondoo mmoja hayupo kama hangewahesabu waliorudi. Sisi, kusema kweli, tunapenda zaidi kuhesabu wanaoingia.

Mwaka 2017 watunzaji wa Linux walileta kihesabio kinachoganda kikifika kikomo: afadhali kitu kikae kwenye kumbukumbu siku zote kuliko kitupwe mwenyewe angali anakitegemea. Naliona hilo kuwa chaguo jema, hata kwa baraza la wazee.

Wiki hii pitia majina kwenye simu yako. Yuko uliyemwambia "nitakurudia". Mpigie kabla ya Jumapili.