Baridi ya Mwenzio

Sisi watu wa visiwani tumeupa msimu wetu wa baridi jina la kipupwe. Huja na upepo wa kusi baada ya masika kwisha, ukadumu tangu Juni hadi Agosti. Usiku wa kipupwe wa Unguja ni nadra kushuka chini ya nyuzi joto 20. Hata hivyo, pitia barazani baada ya Isha, utawaona watu wazima wamejitanda shuka, wamevaa masweta, na kila mmoja anaapa kwamba baridi ya mwaka huu haijapata kutokea. Mgeni kutoka nyanda za juu akipita hapo atacheka. Je, ana haki ya kucheka? Swali hili nililiona dogo mpaka nilipolala Tunduma.

Tunduma ni mji wa mpakani, umekaa mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde ya Zambia. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni ndefu hapo, na madereva wengi ni watu wa Pwani waliotoka na shehena Dar es Salaam kwenye joto, wakafika mlimani bila ya koti. Mwezi Julai usiku wa huko hushuka chini ya nyuzi 10, na upepo hauna kizuizi.

Nilifika katika siku ambazo mji mzima ulikuwa ukizungumza habari ya theluji. Vijana walionyeshana katika simu zao picha za majani meupe, wakiambizana kwamba theluji imekwisha kufika Songwe na itauvamia mji usiku huo. Nilipoitazama picha niliona kwamba ile ilikuwa sakitu, yaani umande ulioganda juu ya majani, na aliyeipiga alikuwa Kitulo, katika milima ya Makete, ambako jambo hilo si geni. Lakini khofu haipimi umbali. Bei ya makoti ya mitumba ilipanda siku ile ile.

Katika nyumba ya wageni nilimofikia palikuwa na mlinzi wa usiku, mzee wa Kinyamwanga, aliyeketi langoni na shati moja na koti lililochakaa. Palikuwa pia na mwanamke kijana kutoka Tanga, mke wa dereva wa lori, ana mtoto mchanga asiyetimia miezi miwili. Alikuja langoni jioni, akamwamkia mzee shikamoo, akauliza kama litapatikana blanketi la pili.

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu mzee, kisha akacheka. "Hii nayo ni baridi? Enzi zetu tulichunga ng'ombe miguu mitupu, nyasi zinakata kama wembe kwa ubaridi. Blanketi moja tulilala watoto wanne. Tukiwasha moto ndani, basi, yamekwisha."

Mimi nilicheka pamoja naye. Nilikuwa nimevaa mashati mawili na sweta, meno yakinigongana, lakini nilicheka, kwa sababu anayecheka huhesabiwa miongoni mwa mashujaa. Yule mwanamke aliinamisha uso. Hakuuliza tena habari ya blanketi.

Usiku wa manane mzee alipokuwa akizunguka aliona kanga imesokomezwa chini ya mlango wa chumba cha yule mwanamke ili kuziba upepo. Alibisha, hakuitikiwa. Alibisha kwa nguvu mpaka sote tukaamka. Mlango ulipofunguliwa, tulimkuta mama anayumba, analalamika kichwa na kichefuchefu, na mtoto amelegea. Katikati ya chumba palikuwa na jiko la mkaa, makaa mekundu, hapana hata uzi wa moshi. Tuliwatoa nje kwenye baridi ile ile waliyoikimbia, tukawafikisha hospitali, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu wote wawili walipona.

Asubuhi nilimkuta mzee ameketi pale pale langoni. Alisema neno moja tu: "Nilimwambia habari ya moto, nikasahau kumwambia habari ya nyumba."

Msomaji, nimelifikiri neno hilo muda mrefu. Mzee hakuwa amesema uongo. Nyumba aliyolelewa ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi. Moto wa kuni uliwaka katikati, moshi ukapenya katika nyasi, na hewa mpya ikaingia katika nyufa. Moshi ule ulidhuru macho na vifua, lakini ulimwonya mtu kabla ya kumzidi. Nyasi zilihifadhi joto, na watoto wanne chini ya blanketi moja walipashana joto kwa miili yao. Chumba cha Tunduma ya leo ni cha matofali ya saruji na bati. Bati hupoa mara jua litakapo kuchwa, na dirisha lina kioo. Ukiingiza humo jiko la mkaa na kuziba mlango, mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi asioamka. Moto uliomwokoa babu ndio unaomuua mjukuu, kwa kuwa nyumba si ile.

Hapa ndipo ninapoona kosa la wenye kulinganisha baridi ya jana na ya leo. Hudhani kwamba ustahimilivu wao ulitoka katika nafsi zao peke yake. Husahau paa la nyasi, ndugu watatu chini ya blanketi, na mama aliyeamka usiku kuchochea kuni. Wanapomwambia kijana "sisi tulistahimili," humdai ustahimilivu bila ya kumpa vile vilivyouwezesha. Yule mwanamke wa Tanga alikuwa mbali na mama yake, mume yumo katika foleni ya malori, na ukuta wa saruji umemzunguka. Mizani ipi itakayompima yeye na mtoto wa Kinyamwanga wa zamani zile, ikasema nani aliona baridi zaidi?

Huenda kipimajoto kikampa mzee ushindi. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto zaidi duniani tangu vipimo vianze kuwekwa, na barafu ya kilele cha Kilimanjaro imebaki sehemu ndogo tu ya ile iliyopimwa mwaka 1912. Haielekei kwamba wazee wanabuni wanaposema zamani kulikuwa na baridi kali. Lakini kipimajoto hupima hewa. Hakimpimi mama wala mtoto. Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann alipokiona kilele cheupe cha Kilimanjaro, kiongozi wake wa njia hakuwa na jina la kitu kile. Alikiita baridi, basi. Rebmann alipoandika kwamba ni theluji, mwanajiografia Cooley, aliyekuwa Uingereza, alikanusha, akashikilia kwamba haiwezekani. Yule kiongozi asiye na jina la theluji alikuwa karibu zaidi na kweli kuliko mwenye maktaba. Wahenga wetu walilijua hilo waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi.

Hata hivyo, nisije nikaelemea upande mmoja. Wale vijana waliotangaza theluji nao walikosa, na kosa lao si dogo. Maneno ni akiba ya watu wote. Ukiita umande theluji, na kila upepo ukauita janga, utamwitaje mkulima wa Makete asubuhi anayokuta viazi vyake vimeungua kwa sakitu shamba zima? Atakapolia, watu watadhani ni kelele zile zile. Tena khofu ile ndiyo iliyomfanya mama kuziba mlango kwa kanga. Mwenye kukuza baridi na mwenye kuidharau walisaidiana bila ya kujua kumwingiza hatarini: mmoja alimtia khofu, mwingine akamtia aya, na baina ya khofu na haya hakubakiwa na mtu wa kumwuliza.

Basi wajibu wetu ni upi? Naona yafaa tutenganishe mambo mawili. Hali ya hewa na ipimwe kwa ukali wa ukweli: sakitu iitwe sakitu, nyuzi 9 ziitwe nyuzi 9, na picha ya Kitulo isiuzwe kuwa ya Tunduma. Ama mtu, asipimwe kwa mtu mwingine, wala kwa babu yake. Aulizwe anahitaji nini. Mzee wa langoni alikuwa na hazina kubwa. Alijua baridi, alijua moto. Laiti angalimpa mwanamke yule ujuzi wake badala ya kumpa ushujaa wake, na laiti mimi ningalivua sweta langu badala ya kucheka, usiku ule ungalipita salama.

Nilirudi Unguja kipupwe kingalipo. Jioni ya kwanza nilimkuta jirani yangu barazani, amejitanda shuka hadi masikioni, akaniambia kwamba baridi ya mwaka huu itatumaliza. Kicheko kilinifika kooni, nami nikitoka Tunduma. Nilikimeza. Nikamwomba asogee ndani kidogo, nikakaa mimi upande wa kusi.