Kufuta Barua za Zamani: Haki ya Nani?

Wasomaji wengi wa kurasa hizi, walimu na wanafunzi, hupokea barua pepe na ujumbe wa simu kila siku. Vitu hivyo vikirundikana, nafasi hujaa, na mwenyewe hushauriwa aweke kanuni ya kufuta: kila barua iliyotimiza siku kadhaa itoweke yenyewe, bila ya yeye kuulizwa tena. Watu huliona jambo hili kuwa la ufundi tu, mfano wa kufagia uwanja. Katika makala haya tumekusudia kuonyesha kwamba ni jambo la maadili pia, na kwamba swali lililomo ndani yake ni la zamani kuliko mitambo. Je, ni nani mwenye haki ya kufuta? Na umri wa jambo, peke yake, watosha kuwa hukumu?

Tueleze kwanza jinsi kanuni hiyo inavyofanya kazi. Mfano mzuri ni Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe na makundi ya majadiliano, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004. Mwenye kuitumia huwekewa njia tatu: asifute chochote, au abakize idadi fulani ya barua mpya na nyingine zote ziondoke, au zifutwe zote zilizopita siku alizozitaja yeye. Juu ya hayo kuna sharti moja dogo lenye maana kubwa: barua zilizotiwa alama ya nyota zaweza kuachwa zisiguswe na kanuni. Tena yafaa ijulikane kwamba barua zinapokaa kwenye seva, yaani mtambo wa mbali unaozitunza, kanuni haifuti nakala iliyo kwetu tu, bali hufuta na asili yake. Katika makundi ya majadiliano mambo ni tofauti. Huko msomaji hufuta nakala yake mwenyewe, na asili hubaki kwenye seva mpaka wenye seva watakapoiondoa. Tofauti hiyo tuikumbuke, maana kusafisha rafu yako si sawa na kuchoma daftari la pekee.

Kwa kazi hii yote Kiswahili kina kitenzi kimoja, nacho ni kufuta. Mwalimu hufuta ubao ili somo jipya lipate nafasi. Mama hufuta machozi ya mtoto. Mdai hufuta deni. Mwajiri humfuta mtu kazi. Mwizi hufuta nyayo zake. Kitenzi ni hicho hicho, lakini matendo ni matano, na hukumu yetu juu ya matendo hayo si moja. Tukichunguza, tutaona kwamba yanatenganishwa na uhusiano wa mwenye kufuta na kile kifutwacho, wala si na muda uliopita. Ubao hufutwa baada ya wanafunzi kunakili; ukifutwa kabla, somo limepotea. Deni hufutwa na mdai, naye husifiwa kwa ukarimu wake. Lakini mdaiwa akilifuta yeye, huo si msamaha tena, ni dhuluma. Basi lugha yenyewe imekwisha kutudokezea kwamba haki ya kufuta huwa kwa mwenye dai.

Tulichukue jambo hili mpaka Mulanda, katika nchi ya Wapadhola, wilaya ya Tororo, mashariki ya Uganda. Mpaka wa Kenya hauko mbali, na mji wa Busia umekaa pande zote mbili za mpaka huo. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007, na huduma ya namna hiyo ikafuata Uganda mwaka 2009, fedha nyingi hupita kwa simu. Tuseme mkulima wa Mulanda amemwuzia mfanyabiashara wa Busia mahindi, akalipwa nusu. Kampuni ya simu huweka kumbukumbu ya fedha zilizopita. Lakini ahadi ya fedha ambazo hazijapita, kwamba magunia mawili yaliyobaki yatalipwa baada ya mavuno, haimo katika hesabu za kampuni. Imo katika ujumbe mfupi baina ya watu wawili, na huenda hapana karatasi wala shahidi mwingine.

Sasa simu ndogo ina nafasi haba, na ikiwekwa kufuta, huanza na ujumbe uliotangulia kufika. Hivyo ahadi ya msimu uliopita hutoweka kwanza, na salamu za jana hubaki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lenyewe ndilo linalopotea bila habari. Angalieni pia jinsi mfanyabiashara asiye mwaminifu asivyohitaji hata kusema uongo. Yamtosha kungoja.

Hapo ndipo tunapopata msaada kutoka kwa Profesa John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere tangu mwaka 1964 hadi 1974, na kufariki mwaka 2019. Katika kitabu chake cha Kiingereza juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka mwaka 1969, alichagua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, ili aeleze fikra ya wakati. Kwa maelezo yake, mtu akifa hatoki mara moja katika Sasa. Hudumu humo maadamu wako hai watu waliomjua na wanaomtaja kwa jina. Wa mwisho wao anapokufa, ndipo marehemu anapozama katika Zamani. Wako wanazuoni waliompinga Mbiti, hasa juu ya kauli yake kwamba fikra ya jadi haina wakati ujao wa mbali, na ugomvi huo hatuna haja ya kuuamua hapa. Sisi twachukua kipimo kimoja tu: uzamani wa jambo hupimwa kwa uhai wa uhusiano, wala si kwa hesabu ya siku. Barua ya miaka 10 ambayo mjane bado huisoma imo katika Sasa. Tangazo la mkutano uliokwisha jana limo katika Zamani tayari. Kanuni ya siku 30 haina macho ya kuiona tofauti hiyo. Itaiondoa barua ya mjane na kulibakiza tangazo.

Lisemwalo juu ya simu ya mkulima lasemwa pia juu ya majalada ya serikali. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba nchi zinazokaribia uhuru zisiachiwe hati ambazo zingeweza kuiaibisha serikali yake. Nchini Uganda kazi hiyo iliitwa kwa Kiingereza Legacy, yaani urithi. Jina la ajabu kwa tendo la kumnyima mrithi. Hati nyingine zilichomwa moto, nyingine zilisafirishwa kwa siri. Mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya walioteswa katika miaka ya Mau Mau walipokuwa wakidai haki yao katika mahakama ya London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba maelfu ya majalada hayo yalikuwa yamewekwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228, gharama za kesi zikiwamo. Hati zile zilikuwa na umri wa nusu karne hivi. Kwa kanuni yoyote ya umri zingalihesabiwa takataka. Lakini dai lilikuwa hai, kwa sababu wadai walikuwa hai. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Walakini mtu asije akadhani twataka kila kitu kihifadhiwe milele. Mithali nyingine yatuambia kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, nayo ina haki yake. Mwanafunzi aliyemwandikia mwalimu siri ya nyumbani kwao ana dai pia, nalo ni dai la kufutiwa. Ndugu wawili waliotupiana maneno makali kisha wakapatana hawana faida ya kuyaweka maneno hayo yasomwe na watoto wao. Katika mambo ya namna hii, kuhifadhi ndiko kunakokuwa dhuluma. Ndiyo maana sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, zilizopitishwa Kenya na Uganda mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, zakataza taarifa za mtu kuwekwa kupita muda unaohitajiwa na kazi iliyozikusanya.

Mfano wa pande zote mbili kwa pamoja ni historia ya Usenet, mfumo wa makundi ya majadiliano ulioanza Marekani mwaka 1980. Seva za wakati huo zilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo makala yalifutwa baada ya siku chache, na hapana aliyelalamika. Lakini Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto aliyahifadhi katika kanda za sumaku tangu mwaka 1981, zikatimia kanda 141 zenye makala takriban milioni 2. Mwaka 2001 kampuni ya Google iliyatoa yasomwe na watu wote. Historia ilipata hazina ambayo kanuni ya siku ingaliimaliza. Hata hivyo, vijana walioandika mambo yao mwaka 1981 kwa kuamini kwamba yangetoweka baada ya wiki mbili tatu hawakuulizwa ruhusa. Hazina yetu ilikuwa ahadi iliyovunjwa kwao.

Mtu atatupinga kwa kusema: “Mimi nina barua elfu nyingi, wala sina umri wa kuzipima moja moja. Kanuni ni ya lazima.” Hoja hiyo ni ya kweli, nasi hatuikatai. Hata kumbukumbu za wazee ni za kuchagua. Bethwell Ogot alipoandika historia ya Waluo wa kusini, Wapadhola wakiwamo, katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, alitegemea sana masimulizi ya wazee. Nao hawakumpa kila kilichopata kutokea, bali yale ambayo vizazi viliyaona yastahili kupokezwa. Lakini wazee walichagua kwa kupima jambo, na kanuni huchagua kwa kuhesabu siku. Tena aliyetega mtego hawezi kujitetea kwamba hakuwapo mnyama aliponaswa. Mwenye kuweka kanuni ndiye mfutaji, hata kama kanuni yafanya kazi yeye akiwa amelala.

Kwa hiyo, tukiweka kanuni, hapana budi tujiulize kwanza: je, katika barua hizi yumo mtu ambaye bado anadai, iwe fedha, ahadi, haki, au kumbukumbu ya mpendwa wake? Kama yumo, barua hiyo na itiwe nyota kabla ya kanuni kuanza. Je, yumo mtu ambaye dai lake ni kusahauliwa? Huyo asingojee siku 30, afutiwe leo. Zilizobaki, ambazo hazina mdai, ziachiwe kanuni, nayo itatufaa kama ufagio mwema. Na pale ambapo mdaiwa ni sisi wenyewe, tujihadhari zaidi, kwa kuwa hapo kanuni hutupa kisingizio kizuri cha kunyamaza mpaka ushahidi wa mwenzetu uishe.

Ndugu walimu, neno kufuta twalitumia kila siku mbele ya ubao, na laweza kuwa somo zima la ufahamu na mjadala katika madarasa ya juu. Wanafunzi na waitwe watoe mifano yao ya kufuta kwa haki na kufuta kwa dhuluma, kisha wajadili hoja hii: “Aliyeandikiwa barua ana haki ya kuifuta bila ya kumwuliza aliyeiandika.” Wengi wao wana simu, au watakuwa nazo kesho. Yafaa wafundishwe mapema kwamba kidole kinachogusa neno hilo kinatoa hukumu.