Chanzo cha Fikira na Suala la Kuwako kwa Mtu: Al-Inkishafi na Kichwamaji

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kumwuliza Euphrase Kezilahabi swali ambalo ni nadra kuulizwa mwandishi wa Ulaya: fikira hizi zimetoka wapi? Tangu Kichwamaji ilipochapishwa mwaka 1974, imekuwa ada kuisoma sambamba na maandishi ya Albert Camus na Jean-Paul Sartre, na kuhitimisha kwamba Kazimoto, kijana msomi anayeitafuta maana ya kuishi asiione na hatimaye akajiua, ni mhusika aliyevushwa bahari. Hukumu hii ni nzito kuliko wanavyodhani baadhi ya wanaoitoa. Ikiwa ni kweli, basi Mwafrika anayejiuliza kwa nini yuko duniani haulizi chochote; anakariri tu. Suala la kusudi la maisha linakuwa mali ya watu wengine, naye hana zaidi ya ruhusa ya kulitafsiri.

Ushawishi wenyewe haukanushiki, wala hakuna haja ya kuukanusha. Kosa liko katika kuchanganya mambo mawili: mahali fikira ilikopatikana, na jambo lililoifanya itafutwe. Mwenye kiu anaweza kuazima kata kwa jirani. Kata ni ya jirani, lakini kiu ni yake mwenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika ushairi wa Kiswahili wenyewe, zaidi ya karne moja na nusu kabla ya Kezilahabi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa na hazina kubwa ya kuazima. Mawaidha ya zuhudi, maonyo juu ya ulaghai wa dunia, na desturi ya kuuliza wako wapi wafalme waliotangulia, yote hayo yalikuwa ya kale katika fasihi ya Kiarabu. Hata jina la utenzi ni la Kiarabu, lenye maana ya kufunuka kwa kilichositirika. Hata hivyo, utenzi haukumkumbusha msomaji magofu ya mbali. Ulimwonyesha Pate. Majumba yaliyokuwa yaking'ara kwa taa yamekuwa makazi ya popo, na vidaka vilivyopangwa vyombo vya kaure sasa vinalaliwa na makinda ya ndege. Vidaka hivyo ni vya usanifu wa nyumba za mawe za visiwa vya Lamu na Pate. Havikuazimwa katika kitabu chochote cha zuhudi. Anayeusoma utenzi huu kama tawi tu la mawaidha ya Kiarabu atakuwa ameeleza kila kitu isipokuwa sababu ya kutungwa kwake: mji wa mtunzi ulikuwa umedidimia, na hapakuwa na njia ya kuutazama bila kuuliza maisha ya wenyeji wake yalikuwa ya nini.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi wa aina hiyo. Anayeuliza kwa Kiswahili "maana ya maisha" ametumia maneno mawili yenye asili ya Kiarabu. Akisema "kusudi" ni vivyo hivyo, na "fikira" pia. "Wazo", "lengo" na "utu" ni ya Kibantu. Hakuna anayedai kwamba swali hubadilika mwenyewe kila neno linapobadilika asili. Na katika Al-Inkishafi kinachohutubiwa, ndani ya mawaidha yale ya Kiislamu, ni moyo, kwa neno la Kibantu.

Tukirejea Kichwamaji, inashangaza jinsi wahakiki wanavyovuka maktaba iliyo jirani ili kufika Paris. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alisoma katika seminari ya Kikatoliki ya Nyegezi. Msomaji wa Biblia haimlazimu kumngojea Camus ili asikie kwamba jitihada zote chini ya jua ni ubatili, kwa kuwa kitabu cha Mhubiri kimo humo. (Camus naye alizaliwa Algeria, na Sisifu wake alimchukua kwa Wagiriki, lakini hakuna anayemwita mwigaji kwa sababu hiyo.) La muhimu zaidi ni Shaaban Robert, ambaye Kezilahabi alizitafiti riwaya zake katika tasnifu ya uzamili. Katika Utubora Mkulima, mhusika mkuu anaacha kazi ya mjini akaenda kulima, na katika jembe na ujirani anaipata thamani ya kuishi. Kazimoto naye anatoka chuoni akarudi kijijini. Anachokikuta ni hofu, chuki, tuhuma za uchawi, na wazazi asioweza tena kuzungumza nao. Kichwamaji inaeleweka zaidi ikisomwa kama jibu chungu kwa Shaaban Robert kuliko kama mwangwi wa Camus. Tena jibu hilo lilitolewa katika Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la 1967, wakati taifa lilikuwa limekwisha kumpa msomi kijana kusudi lake la kuishi kwa maandishi.

Isitoshe, riwaya ina kauli yake juu ya chanzo cha fikira. Mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, kutokana na ugonjwa uliotokana na nyendo za wazazi. Kichwa, makao ya elimu ambayo kizazi cha Kazimoto kinajivunia, kinavimba kwa kilichotendwa na mwili. Udhanaishi wa vitabuni hauna taswira kama hiyo.

Hata hivyo, zipo kurasa ambamo Kazimoto anazungumza kama mwanafunzi aliyetoka maktaba asubuhi hiyo. Mijadala juu ya Mungu na hiari ya mtu inaelea juu ya kisa, na ingeweza kuhamishiwa riwaya nyingine bila kuacha pengo. Hapo lawama ya wahakiki inastahili, ingawa si kwa sababu wanayoitoa. Udhaifu wa kurasa hizo si ugeni wa fikira, bali ni kwamba hakuna tukio linalozidai.

Yamkini Kezilahabi mwenyewe aliliona hilo. Katika Nagona (1990), wanafikra wa Ulaya hawajifichi tena nyuma ya midomo ya kijana wa Ukerewe. Wameingizwa waziwazi, wakiwa wahusika miongoni mwa wahusika, na mtafutaji anapita kati yao akiendelea na safari.