Yafanyikayo Safarini Hurudi Nyumbani



Mama mmoja alibaki nyuma baada ya semina ya ndoa, wenzake walipokwenda kunywa chai. Mumewe alikuwa ametumwa na mwajiri wake Marekani kwa siku nne, kwenye maonyesho ya biashara katika mji wa Las Vegas. Alirudi na viatu vya watoto, manukato ya mkewe, na kimya kirefu. Muhula ulipofunguliwa, watoto walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Hapo ndipo mama alipopata kujua kwamba karo ile ilitolewa kwa kadi ya benki usiku wa manane, ikaishia kwenye meza ya kamari.

"Pesa tutatafuta," mama aliniambia. "Kinachoniuma ni kwamba kwa miezi miwili nililala kando ya mtu aliyekuwa akijua, na mimi sijui."

Wengi wetu hatutafika Las Vegas. Hata hivyo, mtego uliomnasa baba huyu si wa kule peke yake. Siku hizi umo hata mfukoni, ndani ya simu. Basi tuutazame mji ule kwa makini, tuone unatufundisha nini sisi watu wa ndoa.

Mji wa jangwani

Las Vegas uko katika jimbo la Nevada, katikati ya jangwa. Mwaka wa 1931 jimbo hilo liliruhusu kamari. Mwaka huo huo lilirahisisha talaka pia: aliyekaa huko wiki sita tu aliweza kuiomba mahakamani. Kamari na talaka ziliingia kwa mlango mmoja, mwaka mmoja! Hata ndoa hufungwa huko kwa haraka. Hakuna siku za kungoja, na ofisi ya vibali iko wazi kila siku hadi saa sita usiku. Sisi tuliotangaziwa ndoa yetu kanisani Jumapili baada ya Jumapili, na kufundishwa kabla ya kuvishana pete, tushukuru kwamba Mama Kanisa hakutuharakisha.

Hoteli ya kwanza yenye kasino kwenye barabara kuu maarufu ya mji huo ilifunguliwa mwaka wa 1941. Wenye hoteli walijua kwamba mtu hasafiri jangwani ili apoteze fedha zake. Lazima aitwe na kitu kizuri. Wakawaleta waimbaji, wacheza dansi na wachekeshaji walio bora. Elvis Presley aliimba huko tangu mwaka wa 1969 hadi 1976. Wanasarakasi wa Cirque du Soleil wana onyesho la kudumu huko tangu mwaka wa 1993. Mwaka wa 2023 ulifunguliwa ukumbi wa duara uitwao Sphere, ambao kuta zake za ndani ni picha tupu kutoka mbele ya mtazamaji hadi juu ya kichwa chake.

Raha si dhambi

Je, Mkristo akienda kusikiliza muziki mzuri usiku, ametenda dhambi? La hasha! Bwana wetu alianza ishara zake arusini Kana, na divai ilipokwisha hakuwaambia watu waende kulala. Mume na mke wanaocheka pamoja wanatunza ndoa yao. Wengine wetu tangu siku ya arusi hatujatoka pamoja hata mara moja, isipokuwa kwenda matangani na harambee. Hilo nalo ni kosa.

Hata kuhusu kamari, Katekisimu haisemi kwamba kila mchezo wa bahati nasibu ni uovu wenyewe kwa wenyewe. Inasema unakuwa mbaya unapomnyang'anya mtu kinachohitajiwa kwa maisha yake na ya wale anaowatunza, na inaonya kwamba tamaa ya kucheza yaweza kumfanya mtu mtumwa. Basi jiulize: karo ni mali ya nani? Kodi ya nyumba ni ya nani? Unga wa watoto ni wa nani? Baba yule hakucheza na fedha zake. Alicheza na za wanawe.

Hesabu ya gurudumu

Mtu husema, "Nikijaribu mara moja zaidi, zitarudi." Hebu tufanye hesabu. Gurudumu la kamari la Kimarekani lina vishimo 38: namba 1 hadi 36, sifuri, na sifuri mbili. Ukiweka shilingi 100 juu ya kila kishimo, umetoa shilingi 3,800. Lazima ushinde, kwa kuwa umeshika vyote. Unapewa shilingi 3,500, na mia yako juu yake: jumla 3,600. Umeshinda, na umepoteza shilingi 200! Ndivyo mchezo ulivyotengenezwa. Anayecheza usiku kucha hapigani na bahati mbaya. Anapigana na hesabu, na hesabu haichoki.

Tena katika kumbi za kamari kwa kawaida huoni saa ukutani wala dirisha. Mchezaji hajui kama kumekucha. Ndugu yangu, mahali panapokusahaulisha kwamba kuna mtu anakungoja nyumbani, toka upesi. Mahali hapo paweza kuwa baa ya mtaani kwenu, na paweza kuwa kitandani kwako, mgongo umempa mkeo, simu inakumulika usoni.

Mlango wa nyuma

Kuna jambo la huzuni katika historia ya mji huo. Miaka ya 1950 waimbaji weusi kama Nat King Cole na Sammy Davis Jr. walijaza kumbi za hoteli kubwa. Watu walisimama na kuwapigia makofi. Lakini onyesho likiisha, hawakuruhusiwa kulala katika hoteli zilezile. Walikwenda kutafuta vyumba upande wa magharibi wa mji, walikoishi weusi wenzao. Ubaguzi huo wa hotelini ulivunjwa kwa mapatano mwezi Machi 1960.

Tunakasirika tukisikia hayo, na ni haki. Lakini je, hatufanyi vivyo hivyo nyumbani? Mbele ya wageni tunamsifu mke: chapati zake, adabu yake, uimbaji wake kwaya. Wageni wakiondoka, hapewi hata neno la asante. Au mama anamwita mumewe "baba watoto" kwa heshima mbele ya Jumuiya, na mlango ukifungwa ni matusi. Anayestahili makofi sebuleni anastahili heshima chumbani.

Aliyeacha jukwaa

Mji huo umetupa mfano mwema pia. Mwimbaji Céline Dion wa Kanada alifunga ndoa mwaka wa 1994 katika Basilika ya Notre-Dame mjini Montreal. Tangu mwaka wa 2003 aliimba Las Vegas katika ukumbi wa watu wapatao 4,300, uliojengwa kwa ajili ya onyesho lake. Mwezi Agosti 2014 aliahirisha maonyesho yake yote ili amwuguze mumewe, René Angélil, aliyekuwa na saratani ya koo. Alirudi jukwaani baada ya mwaka mmoja, na Januari 2016 mumewe akafariki dunia.

Fikirini: maelfu wamelipa kusikia sauti yake, naye akachagua kukaa na mgonjwa mmoja. Siku ya ndoa tuliahidi kuwa waaminifu katika magonjwa na afya. Ahadi hiyo haina jukwaa wala taa. Hutimizwa kwa uji, kwa dawa, na kwa kuamka usiku. Wazee wetu walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Siri hula ndoa

Mwaka wa 2003 mji huo ulianza kujitangaza kwa usemi uliojulikana dunia nzima, kwamba yanayotokea kule hubaki kule. Msiamini! Katika Injili ya Luka, sura ya 12, Bwana anatuonya kwamba yaliyofichwa yatadhihirika. Hata mafichoni pa mji huo Mungu yupo. Karibu na hoteli zile kuna Kanisa Kuu la Malaika Mlinzi, lililofunguliwa mwaka wa 1963, na wageni wanaosali huko wamezoea kutia katika kikapu cha sadaka hata vile vipande vya duara vinavyotumika mezani badala ya fedha. Walikimbia kutoka kwenye meza, wakakuta Altare.

Baba yule aliniambia baadaye kwamba alikwisha kuungama. Vema! Padre alimwondolea dhambi kwa jina la Mungu. Lakini msamaha wa Mungu haukumpa ruhusa ya kuendelea kumficha mkewe deni linalowahusu wote wawili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alipokubali, walikaa mezani na daftari, akasema kiasi chote bila kupunguza. Mkewe alilia, kisha akauliza swali moja: "Na hii ndiyo yote?" Ndiyo yote. Mwalimu mkuu amekubali walipe karo kidogo kidogo, na kadi ya benki inakaa kwa mama kwa hiari ya baba. Jeraha halijapona, ila sasa linaoshwa na watu wawili.

Mzungumze nyumbani

Jioni moja wiki hii, watoto wakilala, zimeni redio na simu, mkajiulize:

1. Je, kuna deni au mchezo ambao mwenzangu haujui?
2. Nikiwa safarini, naweza kumweleza mwenzangu jioni yangu yote bila kuruka saa hata moja?
3. Ni lini mara ya mwisho tulitoka pamoja kwa furaha? Tutatoka lini tena, na kwa fedha kiasi gani?

Mwenye la kusema aseme. Mwenye kusikia asikilize hadi mwisho, asiinuke. Kisha mshikane mikono na kusali: "Ee Bwana, uliyekuwa mgeni Kana, uwe mgeni wetu. Utufundishe raha isiyohitaji kufichwa. Amina."

Mungu awabariki, na azidi kuwalinda mkiwa mbali na mkiwa karibu.